Kuta za Mama Mdogo Zaituni

Ilianza siku ya Jumamosi, saa tisa na robo alasiri. Saa naikumbuka kwa sababu muadhini wa msikiti wa nyuma yetu alikuwa anakohoa kwenye kipaza sauti, kama alivyozoea kabla ya kuadhini, na mimi nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo nikingoja amalize. Mama Mdogo Zaituni alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza kwenye kochi ambalo hakulikalia tena tangu mumewe afariki. Akasema bila kunigeukia: "Sauda, hizi kuta zinaniangalia." Nilidhani ni usingizi. "Kuta gani, Mama mudogo?" Akasema: "Zote. Angalia muzuri. Hii ni nyeupe ya taksi. Mi nimevaa nyeupe, nimezungukwa na nyeupe. Ni kama walinizika naye wakasahau kufunika." Adhana ikaanza, akanyamaza, akawa anaitikia kimoyomoyo. Ilipokwisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi: "Nataka rangi ya ndani ya chungu. Chungu cha kupikia maharagi, kile cha zamani."

Nina miaka kumi na tisa sasa, niko mwaka wa mwisho wa sekondari, na nisingeandika haya kama tusingemzika Baba Mkubwa Rajabu mwezi uliopita. Alikuwa kaka mkubwa wa mume wa Mama Mdogo. Matangani nilikaa na wanawake tukimenya ndizi, nikawasikia wakimzungumza. "Mungu amurehemu, lakini alikuwa mugumu." "Mugumu kama boneti ya gari." "Boneti inakunjwa, mama. Yule?" Wakacheka ndani ya kanga zao, si kwa ubaya, ni kucheka kwa watu waliolia tangu alfajiri. Nilikuwa na la kusema. Lilinifika hadi kwenye meno. Lakini mimi ni mtu ambaye maneno humjia akiwa ameshatoka, yuko njiani peke yake. Nilimenya ndizi hadi zikaisha, nikarudi, nikatoa makaye, yale madaftari yangu ya mwaka ule. Nilikuwa naandika kila siku. Nilidhani nitakuta kila kitu humo. Kumbe niliandika tu: leo tumekula lengalenga na ndagala, leo mvua, leo Mama Mdogo hakula. Kwa hiyo haya nayaandika kwa kichwa.

Ule ndio mwaka ambao ziwa lilipanda na maji yakaingia kwetu Gatumba mara ya pili, nami nikaletwa mjini, Buyenzi, kukaa kwa Mama Mdogo ili nisikose shule. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na saluni, yaani sebule, kwenye barabara ya magaraji, ambako mtu huamka kwa sauti ya nyundo kwenye bati na kulala na harufu ya rangi ya gari puani. Mumewe, Baba Mdogo Hamisi, alikuwa mpiga rangi wa magari pamoja na kaka yake, na nyumba nzima aliipaka mabaki. Mlango ulikuwa wa buluu ya lori la mtu wa Uvira. Jiko lilikuwa la kijani cha basi. Saluni ilikuwa nyeupe ya taksi, makoti ya rangi juu ya makoti, inang'aa hadi ukiwasha taa unaona kivuli cha uso wako ukutani. Yeye aliipenda. Alisema ukuta wake unafutwa kwa kitambaa kama kioo cha gari. Siku alipoanguka garajini na asiamke, ukuta ulikuwa umefutwa asubuhi ileile.

Mjane kwetu hukaa eda miezi minne na ushei. Hatoki isipokuwa kwa dharura, hajipambi, hapaki hina, hatii manukato. Hayo Mama Mdogo aliyakubali bila neno. Kilichomtesa ni kitu kingine, na kilisemwa Ijumaa ya pili baada ya mazishi. Baba Mkubwa Rajabu alikuwa akija kila Ijumaa baada ya swala, anakaa saluni kwenye kiti cha karibu na mlango, na Mama Mdogo anakaa chumbani, nyuma ya pazia, wanaongea hivyo. Mimi napitisha chai. Siku hiyo alisema, polepole, akizungusha kikombe bila kunywa: "Shemegi, hii parseli ni ya baba yetu, kiwanja na nyumba. Hamisi hakuacha mutoto. We unajua mirathi inasema nini." Pazia likasema: "Najua. Robo yangu, iliyobaki yenu." "Kuko mutu wa vipuri, anatafuta mahali pa kufanya depo, aweke mali yake. Ukitoka eda, tutauza, utapata haki yako yote, sitakupunja hata kidogo." Pazia likasema: "Sawa, Shemegi. Chai isipoe." Na nilipoingia chumbani kuchukua sukari nilimkuta amejifunika kanga hadi kichwani, amekaa wima, kama mtu aliyenyeshewa anayengoja mvua ikatike.

Kwa hiyo alipotaja rangi, jirani zetu walidhani amechanganyikiwa. Wawili ndio waliokuja kila jioni kumliwaza: Ma Shabani, aliyekaanga sambusa mbele ya nyumba yake, na Bi Mwajuma, ambaye mumewe alifundisha madrasa na kwa hiyo alikuwa anaulizwa yeye kabla ya mumewe. Niliwasikia kutoka jikoni.

"Zaituni, mujane hajipambi," alisema Ma Shabani.

"Sijipambi mimi. Ukuta."

"Ukuta wa nani? Wa depo?"

"Wacha, Ma Shabani," alisema Bi Mwajuma. "Pambo ni la mwili. Ukuta hauolewi."

"Watu watasema anatengeneza nyumba aingize bwana mupya."

"Bwana mupya gani," akasema Mama Mdogo, "atakayekuja kwa mujane mwenye robo ya nyumba? Robo ipi, hata sijui kama ni ya choo." Wakacheka wote watatu, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba. Mimi nilisimama na mwiko mkononi, maharage yananata chini, na sikutaka kuyakoroga wasije wakanisikia wakaacha.

Wakakubaliana hivi: kupaka nyumba nzima, angoje atoke eda, kwa ajili ya midomo ya watu. Kutafuta rangi, hapana ubaya. Na kwa kuwa yeye hatoki, mguu ulikuwa wangu. Mdomo pia, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Nilikuwa mtoto ambaye akitumwa dukani na kukuta watu wawili wamesimama, anazunguka mtaa hadi waondoke. Mama Mdogo alilijua hilo. Hakunihubiria. Alichukua kitambaa, akafunga ndani yake kipande cha chungu kilichovunjika, kijiti cha mdalasini, ganda la karanga, na punje za kahawa iliyokaangwa nusu, akaniambia: "Usiongee. Fungua tu hii juu ya meza ya muuza rangi."

Muuza rangi alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya mkono iliyofumwa vizuri. Nilifungua kitambaa. Aliangalia vitu vile, akaniangalia mimi, akaita wateja wengine waje waone. "We mutoto, umekuja kupika ao kupaka?" Wakacheka. Nilihisi masikio yanaungua, lakini sikuondoka, kwa sababu nikiondoka nitarudi kumwambia nini mtu anayekaa kwenye mkeka akitazama taksi? Nilisukuma kipande cha chungu karibu naye. Akakigeuza, akakipeleka mwangani, na nikaona anaacha kucheka. Alisema rangi kama hiyo haiuzwi ikiwa tayari. Watu wa Buyenzi wanataka krimu, buluu ya mbingu, kijani. Hii lazima uchanganye: rangi nyeupe ya maji, unga mwekundu wa kupakia sakafu, na nyeusi tone tu, "tone, usimwage, utapata tope." Nikarudi na vifurushi vya unga kwenye mfuko wa shule. Kitabu changu cha jeografia mpaka leo kina kingo nyekundu.

Tulichanganya kwenye mabakuli ya plastiki, baada ya chakula cha mchana, wakati mtaa umepoa. Nakumbuka zile alasiri kuliko siku yoyote ya shule. Wali na maharage ya mawese yakiwa bado sufuriani, Mama Mdogo na nguo yake nyeupe ameipandisha hadi magotini isichafuke, akikoroga kwa kijiko cha uji na kuonja kwa macho. "Hii ni matofali. Sitaki matofali, nitaona mafundi." Anaongeza. "Hii ni maini." Anaongeza. "Hii, hapana, hii ni rangi ya kofia ya baba yako." Na kila ikipatikana moja inayokaribia, anachovya kitambaa na kuipaka ukutani, palepale alipo, bila kuinuka kwenye mkeka. Hatukufikiria lolote. Alikuwa amekaa chini, kwa hiyo akapaka chini. Moja hapa, nyingine pale, anasogeza mkeka, anapaka nyingine. Halafu tunazitazama jua likizunguka. Asubuhi moja ilikuwa nzuri, jioni ileile imekufa. Nyingine mchana ilikuwa kama jeraha, na taa ikiwashwa inakuwa kama mkate. Sikujua kabla ya hapo kwamba chumba kinaweza kuongea nawe kwa namna tofauti kila saa. Nilikuwa naye kila alasiri na tulikuwa hatuzungumzii depo.

Ijumaa moja Baba Mkubwa aliingia, akavua viatu, akakaa kwenye kiti chake, kisha akainama. Alitazama ukuta wa chini kwa muda mrefu. Madoa ya kahawia, ya udongo, yote yakiwa kwenye usawa wa goti, yanazunguka saluni nzima. Akasema kwa huzuni kabisa: "Shemegi, maji yamefika humu." Ilikuwa mwaka wa ziwa kupanda, kila mtu alikuwa anaona maji. Nilijua Mama Mdogo anataka kusema na anaogopa kusema. Akasema tu: "Maji gani, Shemegi?" "Yanapanda kutoka chini, yanakula ukuta. Angalia madoa. Nyumba inaoza, na wewe unalala humu. Ni lazima tuuze haraka, kabla yule mutu hajaona." Na kabla hatujakusanya akili, alikwishatoka kumwita fundi mwashi.

Fundi alikuja na msumari na nyundo ndogo. Alipiga magoti, akakwaruza doa la kwanza, akanusa. Akakwaruza la pili. Akatia mate kwenye kidole, akasugua, akakiangalia kidole. "Mzee Rajabu, hii si maji. Hii ni rangi. Tena mupya." Nilikuwa nimesimama na sinia la chai katikati ya saluni na hakukuwa na mahali pa kujificha. Baba Mkubwa hakupandisha sauti, na hilo ndilo lilikuwa baya. Alisema akiliangalia pazia: "Nyumba iko na matanga. Nyumba tumeshaipatia mutu. Ni nani anaichora?" Nyuma ya pazia nilisikia pumzi tu, pumzi ya mtu anayezuia kilio kwa kanga. Nikasikia pia sauti nyingine, nyembamba, na ilinichukua muda kujua ni yangu. "Ni sisi, Baba mukubwa. Tunatafuta rangi." "Rangi ya nini?" Sikuwa nimetayarisha kitu. Nikasema: "Ya kukalia humu ndani." Akanitazama kama ndiyo mara ya kwanza kujua kwamba mimi si sehemu ya sinia. Kisha akasimama, akavaa viatu, akaondoka, na chai yake ikabaki ikitoa moshi.

Baada ya hapo tulijua imekwisha. Ijumaa iliyofuata hakuja. Ma Shabani alileta habari kwamba ameonekana na mtu wa vipuri, wanaongea wamesimama mbele ya garaji. Bi Mwajuma akasema kuongea si kuuza, lakini alisema akiangalia pembeni. Mama Mdogo alianza kupanga vyombo. Alifunga sahani kwa magazeti, akasema ataenda kwa dada yake Rumonge, na mimi nitarudi Gatumba maji yakishuka. Hakuosha madoa ukutani. Nilimuuliza kama nioshe. Akasema: "Yaache. Hata depo ijue kulikuwa na watu." Leo nikilifikiria neno lile, naona lilikuwa neno la hasira, labda la kwanza kumsikia akilisema. Wakati ule niliona tu kwamba anachovya mkate kwenye chai na kuusahau humo hadi unayeyuka.

Siku aliyotoka eda ilikuwa ya joto. Wanawake walikuja asubuhi wakamwogesha, wakamvisha gauni la kitenge, wakasoma dua, wakala pilau, wakaondoka kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nafagia punje za wali zilizomwagika pale alipotokea Baba Mkubwa mlangoni. Hakuvaa kanzu. Alivaa ovaroli ya garaji, ngumu kwa rangi za miaka, na kichwani amebeba boneti nzima ya Probox. Nyuma yake Ma Shabani alikuwa ameacha sambusa ziungue ili aone. "Hodi," alisema. "Shemegi, umetoka eda?" Mama Mdogo alijitanda mtandio, akasimama mbele yake, bila pazia kati yao. "Nimetoka." "Basi sogea."

Aliingiza boneti, akaiegemeza ukutani, chini ya dirisha. Ilikuwa imepakwa mistari, kutoka juu hadi chini, kila mstari rangi yake: udongo mwekundu, udongo wa kinamasi, mdalasini, kahawa, asali ya msituni, ngozi ya ndizi iliyoiva sana, na mingine ambayo hata jina haina. Hakuna garaji inayopaka gari bila kujaribu rangi kwenye bati bovu kwanza. Hilo kila mtoto wa mtaa wetu anajua. Lakini sikuwahi kuona bati limejaribiwa kahawia tupu. "Mumefanya vibaya," alisema, na bado sauti yake ilikuwa ileile ya kugombeza. "Rangi haijaribiwi kwa ukuta. Ukuta unakunywa, unakudanganya. Tena juu ya mafuta ya Hamisi, ile rangi ya maji yenu ingebanduka kabla ya mfungo. Lazima tukwaruze kwanza." Mama Mdogo alikuwa anaangalia boneti. "Shemegi," alisema, "na mutu wa vipuri?" Alisema: "Nilimuambia Hamisi miaka yote. Unachukua mabaki ya watu, unamupakia bibi yako. Mupiga rangi, na bibi yake hajawahi kuulizwa anataka rangi gani. Nilimuambia, akacheka. Na mimi pia sikukuuliza." Akafuta jasho kwa kiwiko. "Chagua, nina gari linangoja."

Mama Mdogo alichagua mstari wa saba kwa kuugusa kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa pasi kuona kama imeshika moto. Ulikuwa ule wa chungu kabisa, na Baba Mkubwa akaileta rangi yake kutoka garajini, ya mafuta, inayokauka upesi. Tulikwaruza kuta kwa msasa hadi pua zetu zikawa nyeupe, Baba Mkubwa kwenye ngazi, sisi chini, na alitugombeza muda wote. "Sauda, usisugue kama unaosha sufuria. Zungusha." "Zaituni, hapo umeruka." Ma Shabani alisimama dirishani akitoa maoni. "Mzee Rajabu, na kwangu utapaka lini?" "Kwako kuko mafuta ya sambusa, hakuna rangi itashika." Koti la kwanza lilipokuwa bado bichi, saluni nzima ikiwa kama imegeuzwa ndani nje, mtu wa vipuri akasimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi vizuri. Akaangalia kuta, akaangalia ngazi. "Mzee, tulisemezana nini? Depo haihitaji rangi hii." Baba Mkubwa hakushuka. Alichovya brashi, akavuta mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi mkono ulipofika, kwa utulivu, kama anamalizia mlango wa gari la waziri. "Nilikuambia kuko nyumba," alisema. "Nimekosea. Iko na mutu." Yule bwana alingoja maneno mengine. Ma Shabani ndiye aliyemwonyesha njia, akamuuzia na sambusa.

Baba Mkubwa hakumpa Mama Mdogo karatasi yoyote siku ile wala baadaye. Alilisema lile neno akiwa juu ya ngazi, mlango wazi, majirani wanasikia, na wanawe hadi leo wanalichukua kama limeandikwa. Alikuwa mgumu, ndiyo. Hata koti la pili alilipaka bila kunywa maji, na aliponiona nimesinzia kwenye mkeka alinirushia kitambaa. Alipoondoka, jua lilikuwa linaingia kwa mlango na kuta zilikuwa zimelipokea, chumba kizima kimekuwa cha joto, kimeshuka, kama kinakaa nawe. Mama Mdogo alikaa kwenye kochi. Tulikula pilau lililobaki kwa mikono iliyojaa rangi, kutoka sahani moja.

Asubuhi iliyofuata nilienda shule na vidole vyangu vikiwa vya kahawia hadi kwenye kucha, kwa sababu rangi ya mafuta haitoki kwa sabuni na tulikosa petroli. Msichana niliyekaa naye dawati moja tangu muhula uanze, ambaye sikuwahi kumwambia zaidi ya nipe rula, aliushika mkono wangu, akaugeuza. "Hina? Kuko harusi kwenu?" Nikasema: "Apana. Kwetu tumepaka nyumba." Akauliza rangi gani. Nikamwambia. Akauliza kwa nini si krimu, kama watu wote. Nikaanza tangu mwanzo, kwenye mkeka, na nilikuwa bado naongea pale mwalimu wa jeografia alipogonga meza na kutaja jina langu, kwa mara ya kwanza, ili kuninyamazisha.